Siku Tatu za Maji ya Kahawia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi na baba tulianza siku kando ya bwawa la kuogelea. Baba alikuwa mtunzaji wa bwawa hilo katika kituo cha mafunzo ya ufundi pale Maisaka, mjini Babati, na nyumba yetu ilikuwa nyuma ya jiko la kituo hichohicho. Yeye alichovya karatasi ya kupimia ndani ya maji na kuikagua rangi yake. Mimi nilishika wavu wenye mpini mrefu nikaopoa majani ya mikaratusi yaliyodondoka usiku.

Niliopoa majani pande zote isipokuwa moja. Pembeni mwa ngazi ya chuma, kwenye kina kirefu, sikukaribia hata kidogo, na baba hakunilazimisha. Hapo ndipo walipomtoa Tadeo.

Tadeo alikuwa darasa moja nami na tulikaa dawati moja. Mwaka jana, mwezi wa tano, bwawa likiwa halijawekewa uzio wala geti, aliingia majini peke yake mchana wa Jumapili. Hakujua kuogelea. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tangu wakati huo mimi ndiye ninayekaa upande wake wa dawati, maana sikutaka mtu mwingine aukalie.

Watu wengi walitaka bwawa lifukiwe. Aliyekataa alikuwa mama yake mwenyewe, Mama Tadeo, fundi cherehani wa mtaa wetu. Alisimama mbele ya kamati ya kituo akiwa bado amevaa nguo nyeusi za msiba, akasema, "Mkilifukia hili, ziwa letu mtalifukia kwa kitu gani? Wafundisheni watoto kuogelea. Asizame mwingine."

Basi maji yakamwagwa, kuta zikasuguliwa, uzio ukajengwa, na kila Jumamosi wanafunzi wakawa wanafundishwa kuogelea. Mama Tadeo hakuwahi kulivuka geti lile. Wakati mwingine nilimwona akipita nje na kitambaa chake mkononi. Alisimama kidogo, akasikiliza kelele za watoto, akaendelea na safari yake.

Mwanzoni baba alisafisha maji kwa klorini, ile dawa nyeupe ya unga. Ilinuka mpaka jikoni, na watoto walitoka majini macho yakiwa mekundu. Rafiki yangu Vailet, ambaye ana ugonjwa wa pumu, siku moja alibanwa kifua hadi akapelekwa hospitali. Kamati ikaamua kubadilisha dawa. Bwawa likamwagwa tena, likajazwa maji mapya, na baba akaletewa kutoka Arusha madumu ya dawa isiyo na klorini. Ilikuwa ya majimaji, ya bluu isiyokolea. Iliua vijidudu kama ile ya kwanza, lakini haikunuka wala kuwasha macho. Ndoo ya klorini iliyobaki baba aliifunika akaisukuma kwenye kona ya stoo.

"Hii usiiguse," aliniambia.

Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza.

Sasa lazima niwaambie jambo moja kuhusu mimi, ingawa linaniaibisha. Nilikuwa katibu wa klabu ya afya shuleni, na nilijiona. Kila Jumatatu nilisimama mbele ya mstari kuonyesha namna ya kutibu maji ya kunywa: kidonge kimoja kwenye ndoo ya lita ishirini, subiri nusu saa, kisha nusa. Ndivyo tulivyolelewa sote mtaani kwetu. Kila kipindupindu kilipotajwa redioni, mama zetu walinusa ndoo kabla ya kutupatia kikombe. Maji yaliyonuka dawa yalikuwa salama, na yasiyonuka tuliyaogopa.

Kwa hiyo Feisal aliponianza, alinipata penyewe. Feisal alikuwa mtani wa darasa, kijana asiyeweza kukaa kimya hata kwenye dua.

"Katibu wa afya," alisema siku ya Alhamisi wakati wa mapumziko, "maji ya kunywa unatuambia yanuke dawa. Mbona ya baba yako hayanuki kitu?"

"Dawa yake haina harufu," nilimjibu.

"Au haina dawa kabisa. Jumapili hii Tadeo anatimiza mwaka, na sisi bado tunaogelea maji yaleyale aliyofia."

Wenzangu waliguna. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Maji yalikwisha kumwagwa mara mbili, nami nilijua. Lakini niliporudi nyumbani maneno yale yalinifuata njia nzima, na nilipolitazama bwawa, nililiona kama ndoo ambayo mtu amesahau kuitia kidonge.

Baba na mama walikuwa wamekwenda shambani Mutuka kuvuna maharage, wakaniacha kwa Mama Rogathe, mpishi wa kituo. Ufunguo wa stoo ulining'inia mahali pake. Nilichukua ndoo ya kona, nikafungua geti, nikasimama ukingoni. Zamani baba alikuwa akiweka vikombe viwili vya unga. Niliweka vinne, ili Jumamosi Feisal mwenyewe aisikie harufu tangu barabarani.

Kwa dakika kadhaa hakikutokea kitu. Kisha, pale nilipomwaga unga, maji yakaanza kugeuka. Yalianza manjano hafifu, yakawa rangi ya chai, halafu rangi ile ikaanza kusambaa taratibu kuelekea kwenye ngazi ya chuma. Pampu ilikuwa ikiunguruma, ikiyazungusha. Nilifunga geti, nikairudisha ndoo stoo. Ufunguo ulinianguka mara mbili kabla sijauning'iniza.

Asubuhi ya Ijumaa bwawa lote lilikuwa la kahawia. Hukuweza kuona kigae hata kimoja cha chini. Vitu kama matope mepesi vilielea ndani yake, vikisogea polepole bila upepo.

Mama Rogathe aliweka mikono kichwani. "Bwana wee," alisema kwa sauti ya chini. Alimpigia baba simu, simu haikupatikana. Akazima pampu, akamwita mlinzi, na kabla ya saa mbili habari ilishafika sokoni kwa bodaboda: Tadeo amerudi majini.

"Zamani kwetu sisi Wairaqw," Mama Rogathe aliniambia akimenya ndizi, "mama aliyefiwa na mtoto hakuchota maji pamoja na wengine mpaka muda wake uishe. Maji yalipewa nafasi, na yeye alipewa nafasi. Sisi tumekuwa wa kisasa, tumemwaga na kujaza haraka haraka. Sasa ona."

Nilitaka kusema. Lakini nikafikiria mstari wa Jumatatu, na uso wa Feisal, na baba, nikaokota maganda ya ndizi nikaenda kuyatupa.

Mchana, nilipotoka shule, nilimkuta Mama Tadeo amesimama nje ya uzio. Alikuwa ameshika waya kwa vidole vya mikono yote miwili. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakugeuka. "Natalia, wewe ulikaa naye. Pengine alikuambia mambo ambayo mimi hakuniambia. Anataka nini mwanangu? Kwa nini amerudi hivi?"

"Sijui, mama," nilisema.

Nilijua. Nilikuwa mtu pekee katika mji mzima wa Babati aliyejua. Mlinzi alimfungulia geti, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana Mama Tadeo akaingia. Alipiga magoti ukingoni, akachota maji yale kwenye chupa, akaifunga vizuri kwa kizibo na kuifunika kwa kanga yake. Alipita mbele yangu akiibeba kama mtu anavyombeba mtoto mchanga kwenye baridi.

Jumamosi hakukuwa na masomo ya kuogelea. Watu walikuja kuchungulia kwenye uzio, wakaondoka wakinong'ona. Kamati ilipita, ikaamua kwamba maji yamwagwe Jumatatu, na pengine safari hii bwawa lifukiwe kabisa. Usiku nilipolala niliyasikia maji yakigonga ukuta, ingawa pampu ilikuwa imezimwa. Nilimwomba Mama Rogathe niache taa ikiwaka, naye hakuniuliza kwa nini, kwa sababu na yeye aliiacha ya kwake.

Jumapili, baada ya misa ya kumbukumbu ya Tadeo, Mama Rogathe alinituma kwa Mama Tadeo nikachukue sketi yake iliyokuwa ikipunguzwa. Sikutaka kwenda, lakini ningesema nini?

Mlango ulifunguliwa na Rose, mdogo wake Tadeo, mtoto wa miaka sita. Aliweka kidole mdomoni.

"Ongea polepole, Dada Natalia," alinong'ona. "Kaka amelala."

Ndani, cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Juu ya kabati kulikuwa na picha ya Tadeo akiwa amevaa sare ya shule, na mbele ya picha ile kulikuwa na ile chupa. Ule uchafu uliokuwa ukielea ulikuwa umetuama chini, na maji ya juu yalikuwa yameanza kuwa meupe. Mama Tadeo alikaa kwenye kiti mbele yake. Macho yake yalikuwa yamezama ndani, na chakula cha jana kilikuwa bado kwenye sahani.

"Karibu, mwanangu. Njoo umwone." Alinivuta mkono, mkono wake ukiwa wa moto. "Alipofika alikuwa anahangaika, anazunguka zunguka tu. Nikamwimbia usiku kucha. Angalia sasa alivyotulia. Ananisikia."

Alinisogeza karibu na kabati.

"Mwambie baba yako akirudi, aniombee kwa kamati. Wasiyamwage yale maji. Wakiyamwaga, watammwaga mwanangu."

Nilitoka bila sketi. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa ndani ya chumba kile, na nilichokiogopa hakikuwa mzimu. Niliogopa kwa sababu mama yule alikuwa akiimbia kosa langu, na mtoto wake aliye hai alikuwa ameambiwa anyamaze.

Baba na mama walishuka kwenye bajaji alasiri ile, na magunia mawili ya maharage. Hata hawajayashusha vizuri, baba alikwisha kuliona bwawa kupitia uzio. Alisimama, kisha akaenda moja kwa moja stoo. Aliporudi alikuwa ameshika kifuniko cha ndoo ya klorini.

"Hiki sikukifunika hivi," alisema.

"Ni mimi, baba," nilisema, na mara nilipoanza sikuweza kukoma. Nilimweleza yote: Feisal, vikombe vinne, rangi ya chai, Mama Tadeo kwenye uzio, chupa, na Rose akiwa na kidole mdomoni. Nilidhani atanichapa. Ningependa anichape.

Baba alikaa juu ya gunia.

"Nami nimekosa," alisema mwishowe. "Nilikwambia usiguse, sikukueleza. Na ile ndoo haikupaswa kukaa chumba kimoja na dawa ya bluu hata siku moja. Nitaisema mbele ya kamati. Lakini la Mama Tadeo siwezi kukusemea. Tunakwenda sasa hivi."

"Baba, atazimia."

"Amekwisha kuumia, Natalia. Kila saa tunayokaa hapa tunamwongezea."

Alichukua chupa ya kioo ya jamu iliyooshwa, kopo la maji safi, dawa ya bluu kidogo na kijiko kimoja cha unga kwenye kikopo kilichofunikwa. Alivaa glavu. Mama alitufuata, akiwa amejitanda kanga yake.

Mama Tadeo alitupokea uani. Baba alimsalimia, akampa pole ya kumbukumbu, kisha akanigusa begani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani. Yote yalipotea.

"Mama, ni mimi niliyebadilisha maji," nilisema. "Nilitia klorini siku ya Alhamisi. Uliponiuliza nikasema sijui. Nilikuwa najua."

Alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha nyingine. "Hapana," alisema. "Hapana, mwanangu. Unataka kunifariji tu."

"Mama Tadeo, tazama hapa," baba alisema kwa upole. Aliiweka ile chupa ya kioo juu ya jiwe, uani penye hewa, akatusogeza nyuma. Alitia maji safi, kisha dawa ya bluu. Maji yalibaki meupe. "Dawa hii peke yake haina neno. Hii nyingine nayo, peke yake, haina neno. Ndiyo jamaa ya ile tunayotibia maji ya kunywa. Lakini hazipatani. Zikikutana zinaharibiana, na kinachobaki ni uchafu huu. Watoto, hili si jambo la kujaribu kamwe. Dawa zikichanganywa ovyo zinaweza kutoa hata hewa ya sumu."

Alitia ule unga kidogo. Tukasubiri. Rose alikuwa ameshika sketi ya mama yake. Rangi ya manjano ikatokea, ikakolea, ikawa ya chai, na vile vipande vya matope vikaanza kuelea ndani ya chupa ya jamu, mchana kweupe, mbele ya macho yetu sote.

Mama Tadeo aliinama akakitazama kioo kwa karibu sana.

"Kwa hiyo hakuja," alisema.

Baba alinigeukia. Alinitazama mimi, nami nikaelewa kwamba jibu lile lilikuwa langu.

"Hakuja, mama."

Alilia. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akilia hivyo, hata siku ya mazishi. Mama yangu alikaa chini naye, akamshika. Rose naye alianza kulia kwa sauti kubwa, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba alinishika mkono tukaondoka, na nyumbani hatukula.

Jumatatu nilisimama mstarini. Badala ya kuonyesha vidonge, niliwaambia wanafunzi wote nilichokifanya. Sauti yangu ilikatika mara kadhaa, lakini nilifika mwisho, maana mji mzima ulikuwa bado unasema maji ya Maisaka yana mtoto ndani yake, na aliyeweza kuuzima uvumi ule nilikuwa mimi tu. Nilijiuzulu ukatibu. Mapumziko yalipofika Feisal alinijia bila utani wowote. "Mimi ndiye niliyekuchokoza," alisema. Jioni alikuja kituoni na brashi yake.

Kamati ilimsikiliza baba, ikamkaripia kuhusu ile ndoo, ndoo ikaondolewa, na kila dawa ikaandikiwa maelezo yake kwa herufi kubwa. Tulimwaga maji. Tulisugua vigae siku nne, tukaosha chujio na mabomba mpaka kusibaki hata chembe. Nilisugua kila mahali, pamoja na kule nilikokuwa nikikwepa. Kisha tukajaza maji mapya, baba akatia dawa ya bluu kwa kipimo, na karatasi ikaonyesha rangi inayotakiwa. Hayakunuka kitu chochote. Yalikuwa safi.

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo Mama Tadeo alikuja mpaka getini, Rose akiwa mbele yake na taulo shingoni. Nilibaki nimesimama na wavu wangu, sijui nimwendee au nikimbie. Aliniita.

"Natalia. Kutia dawa isiyofaa ni kosa la mtoto asiyejua, na hilo nilikusamehe jioni ileile. Lililonichukua muda ni lile la pili. Nilikuuliza, ukasema hujui. Ungeniambia siku ile, ningelia siku moja. Uliponificha, niliishi na mwanangu siku tatu, halafu nikamzika tena."

Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

"Sikuambii haya ili ulie," aliendelea. "Nakuambia ili ukue nayo. Kukosea utakosea sana, sote tunakosea. Ukikosea sema mapema, kabla mwenzako hajaanza kuishi ndani ya uongo wako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Alimsukuma Rose kidogo kuelekea kwangu. "Huyu ndiye niliyebaki naye. Nimemleta ajifunze kuogelea. Ana maswali mengi kuhusu kaka yake, na mimi kuna mengine siyawezi. Akikuuliza, mwambie ukweli."

Rose aliingiza mkono wake mdogo ndani ya mkono wangu. Tulitembea hatua chache hivi, akiyaangalia maji.

"Dada Natalia," alisema, "kaka alizama wapi?"

Nilichuchumaa tukawa sawa kwa urefu, nikamwambia.